Maji ni punda tu: kuipoza Radeon R9 295X2 ukiwa Amu

Swali: "Ami, salaam aleikum. Mimi ni kijana wa Amu, yaani Lamu, nakaa Langoni. Nimenunua Radeon R9 295X2 ya mtumba kwa mtu wa Mombasa, ile kadi ya picha yenye chipu mbili. Kipozaji chake cha kiwandani kimechoka: pampu moja inakoroma, na chipu ya pili ikigonga nyuzi 75 kadi nzima inalegea, mchezo unakwama kwama. Usiku nacheza, mchana nachora nyumba kwa programu ya Blender kwa ajili ya wateja wangu. Nataka kung'oa kile kipozaji niifungie mfumo wangu mwenyewe wa maji. Binamu yangu mwenye boti anasema nisihangaike na rejeta ya kupozea maji kwa feni, nivute maji ya bahari tu, au nitie barafu. Nifanyeje? Na kadi yenyewe inastahili gharama hiyo?"

Jibu: Waleikum salaam, mwanangu. Nianze na binamu yako, kwa sababu wazo lake si la kuchekwa. Injini ya boti yake inapozwa hivyo hivyo. Inavuta maji ya bahari kwa chini, inayapitisha kwenye chuma chenye moto, inayatema, basi. Kila tone hupita mara moja likaenda zake. Na akirudi, kama ni mtu anayeipenda injini yake, anaifungulia maji matamu dakika kadhaa kuosha chumvi. Sasa mwambie njia za maji za injini ile ni pana, kidogo kidole kiingie. Bloku ya kadi yako, kile kipande kinachokaa juu ya chipu na kupitisha maji, ina mifereji iliyochongwa kwenye shaba nyekundu, upana wake nusu milimita au chini ya hapo. Mchanga na chumvi ya bahari vitaiziba kabla hujamaliza mchezo mmoja, na kila utakapozima, chumvi itakauka humo humo. Kwa hiyo bahari hapana. Lakini kuna kitu katika wazo lake nitakirudia.

Kwanza tuelewane jambo moja, maana mengine yote yanatoka hapo. Maji hayapozi kitu. Maji ni punda. Hubeba joto kutoka kwenye chipu na kulipeleka mahali pengine, na mzigo usipotuliwa huko, punda atarudi nao. Nyinyi watu wa Amu mmeona punda tangu mkiwa migongoni mwa mama zenu. Hakuna anayemsifu punda kwa kubeba mawe kutoka gatini bila kuuliza mawe yanashushwa wapi. Watu wengi wanaonunua mfumo wa maji wanatazama pampu, rangi ya maji na taa. Mimi nikiingia chumbani kwa mtu, natazama joto linatokea wapi na hewa ya chumba ina nyuzi ngapi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. AMD walipoitoa kadi hii Aprili 2014, kwa dola 1,499, waliitangaza waziwazi kuwa ya wati 500. Umeme wote huo unaishia kuwa joto. Walijua feni peke yake haitatosha, ndiyo maana wakaifungia kipozaji cha maji kutoka Asetek: pampu mbili ndogo, moja juu ya kila chipu, na rejeta moja tu ya feni ya sentimita 12. Feni ya katikati ya kadi kazi yake ni vidhibiti vya volti na ile chipu ya daraja inayogawa njia ya PCI Express, ile inayoiunganisha kadi na mazabodi, kwa chipu mbili. Rejeta ya sentimita 12 kwa wati 500 ni punda mmoja aliyepakiwa mzigo wa punda wanne. Katika chumba cha nyuzi 20 anafika. Chumbani kwako mwezi wa Machi, kaskazi imekatika na kusi haijaingia, hewa ina nyuzi 31 na haitikisiki. Hapo hata pampu ingekuwa mpya bado ungenilalamikia.

Na hiyo nyuzi 75 isikutishe. Chipu hizo hizo, ziitwazo Hawaii, kwenye kadi ya R9 290X ziliruhusiwa kufika 95. Kwenye hii yenye chipu mbili waliweka ukomo 75. Kadi yako haiungui, inatii amri: ikifika hapo inapunguza mwendo. Pia ukiona chipu ya pili inasoma sifuri au haionekani kabisa ukiwa hufanyi kitu, usiifungue kadi. Imelala tu, hivyo ndivyo ilivyoundwa ili isile umeme bure.

Sasa barafu ya binamu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza kilojuli 334. Mfuko wa kilo 10, ule ule unaotiwa kwenye sanduku la samaki, unameza kilojuli 3,340. Gawa kwa wati 500: sekunde 6,680. Haifiki saa mbili, na barafu imekwisha. Utakuwa unashuka gatini kununua barafu kila ukicheza. Na hilo ndilo tatizo dogo. Kubwa ni umande. Hewa yetu ya pwani ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 26 kitatoa jasho. Tazama gilasi ya maji ya friji mezani, linavyolia machozi mpaka kitambaa kinalowa. Bloku yako itafanya vivyo hivyo, na machozi yake yatadondokea kwenye mazabodi. Watu wa Ulaya wanaocheza na barafu wanaishi kwenye hewa kavu na bado hupaka saketi zao dawa ya kuzuia unyevu. Wewe usijaribu. Maji yako yasishuke chini ya joto la chumba, na hayatashuka ukitumia rejeta, kwa sababu rejeta haiwezi kuyapoza kupita hewa inayopita ndani yake. Huo ndio uzuri wake kwetu: haiwezi kukulowesha kwa umande.

Kitu kilichonivutia kwenye wazo la binamu ni hiki: injini kubwa za meli zina maji mawili. Ya ndani ni matamu, yanazunguka bila kutoka. Ya nje ni ya bahari, yanapita upande wa pili wa ukuta wa chuma na kubeba joto. Ukiwa na pipa la lita 200 penye kivuli, ukatumbukiza koili ya bomba la shaba ndani yake, umepata kitu kama hicho bila bahari. Nimekupigia hesabu. Wati 500 kwa saa tano zinapandisha maji ya lita 200 kwa nyuzi 11 hivi, tuseme hakuna joto linalopotea njiani. Ukianza jioni na maji ya nyuzi 28, usiku wa manane yako 39, na kimya kabisa, hakuna feni hata moja. Usiku kucha yanapoa. Tangi la lita 1,000 lingepanda nyuzi mbili tu. Inavutia, eh? Ila tangi la darini linapigwa na jua mchana kutwa, pipa la chini litafuga mbu usipolifunika, na mama yako atakuuliza mara ngapi kwa wiki maji yale ni ya nini. Ningekuwa na kiwanda, yaani ua wa nyumba, chenye nafasi ningelijaribu kwa furaha. Kwa mara ya kwanza, lakini, fuata rejeta.

Mwingine aliwahi kuniuliza kuhusu mtungi, kwa kuwa maji ya mtungi huwa ya baridi. Mtungi hupoza kwa kutoa jasho, na jasho hukauka penye hewa kavu. Kwa hewa ile ile ya nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, mtungi bora kuliko yote hauwezi kushuka chini ya 27. Utapata nyuzi tatu, na kuvu juu yake.

Haya, rejeta. Mafundi wa mambo haya wana kipimo cha mkono: kwa feni zisizopiga kelele, kila feni moja ya sentimita 12 kwenye rejeta hubeba wati 100 hivi, na maji yakabaki nyuzi 10 juu ya hewa. Wewe una 500 za kadi. Ukiingiza na prosesa kwenye mzunguko huo huo, ongeza 100. Maana yake rejeta mbili za feni tatu tatu. Chumba kikiwa 31, maji yatakuwa 41 au 42, na chipu zitakaa kwenye 55 hadi 60. Uko mbali na 75, na kadi haitalegea tena. Ukinunua rejeta moja ya feni tatu kwa sababu ya pesa, itafanya kazi, lakini feni zitavuma kama boti inayokwenda Kizingitini na maji yatakaribia nyuzi 50. Mipira laini na pampu vitavumilia. Mabomba ya plastiki ngumu ya PETG, yale yanayopendeza pichani, yanaanza kulegea kwenye 60. Kwa Amu sipendi kuyaona.

Chagua rejeta yenye mapezi yaliyoachana, si yale yaliyobanana. Yaliyobanana hubeba joto zaidi kwa feni kali, ila hapa kwetu vumbi likichanganyika na chumvi ya hewani linakuwa kama udongo wa kukandika, halitoki kwa kupuliza. Mapezi yaliyoachana utayasafisha kwa brashi ya rangi kila mwezi. Na usiifungie rejeta ndani ya kasha ukaliacha joto lizunguke humo. Mashine yako nzima ikiwa kazini itavuta karibu wati 700. Hiyo ni zaidi ya nusu ya pasi ya umeme, imeachwa inawaka chumbani saa tano. Nyumba ya mawe kuta zake nene ni neema mchana, lakini joto likishaingia ukutani halitoki upesi. Utalala ndani ya tanuri uliloliwasha mwenyewe. Mimi ningezifunga rejeta kwenye fremu ya mbao karibu na dirisha la upande wa kiwanda, feni zikitupa hewa nje. Dirisha la upande wa bahari usiliguse. Upepo wake una chumvi. Mpira wa mita mbili au tatu hausumbui pampu ya maana kama D5.

Watu hubishana sana kuhusu mpangilio: maji yapite chipu ya kwanza, halafu rejeta, halafu chipu ya pili? Usipoteze usingizi. Pampu ikisukuma lita nne kwa dakika, wati 500 zote zinapandisha maji kwa nyuzi mbili hivi kutoka kuingia mpaka kutoka. Panga kwa ufupi wa mipira. Sharti ni moja tu: tangi dogo liwe juu ya pampu na liwe ndilo linaloilisha, kwa sababu pampu hizi zinalainishwa na maji yenyewe. Ikizunguka kavu kwa muda mfupi tu, imekwisha.

Kabla hujafungua pochi, nikujibu lile swali la kustahili, na usinichukie. Kwa kazi yako ya mchana, kadi hii haikufai tena. Blender waliondoa OpenCL, njia ambayo kadi hii iliitumia kuchora, kwenye toleo la 3.0, Desemba 2021, na tangu hapo Cycles, ile sehemu yake inayokamilisha picha, haiioni kadi ya kizazi hiki. Toleo la mwisho linaloitambua ni 2.93. AMD nao waliweka kando draiva, programu za kuiendesha kadi, za kizazi hiki Juni 2021. Zile GB 8 za kumbukumbu zilizoandikwa kwenye boksi ni nne na nne: kila chipu inaweka nakala yake ya mchoro ule ule, kwa hiyo nyumba yenye miti mingi na vigae vya picha kubwa ikizidi GB 4, haingii. Michezo mipya nayo mingi haijui kugawa kazi kwa chipu mbili, na hapo nusu ya kadi yako inakaa inatazama. RTX 3060 ya mtumba yenye GB 12 inakula wati 170, haihitaji tone la maji, na kwa Blender itaiacha hii mbali sana. Kama mchoro ndio unaokulisha, nunua hiyo kwanza.

Lakini nimekusoma. Hukuniandikia kwa sababu ya Blender. Mimi ninayo mashine ya zamani dukani hapa Malindi ambayo haina kazi yoyote, na mke wangu anajua jina lake. Kama ni mapenzi ya ufundi, endelea, ila ulipie kwa pesa ya mapenzi, si ya kodi.

Bloku ndiyo itakayokuhangaisha kuipata. Kadi hii ina bamba lake la saketi la pekee, refu zaidi ya sentimita 30, na bloku ya R9 290X haikai juu yake hata ukiipigia nyundo. Bloku nzima za 295X2, zinazofunika chipu mbili, kumbukumbu, vidhibiti vya volti na ile chipu ya daraja, zilitengenezwa miaka ile na kampuni chache kama EK ya Slovenia. Leo ni mtumba tu. Ukiikuta, muulize muuzaji kama ina skrubu zake na ile karatasi ya maelekezo, kwa sababu humo ndimo ulimoandikwa unene wa pedi za joto, na unene huo si wa kubahatisha. Pedi ikiwa nene kuliko inavyotakiwa, bloku inainuka na chipu haiguswi sawasawa. Ikiwa nyembamba, vidhibiti vya volti vinaachwa hewani na ndivyo vinavyokufa kwanza. Ukikosa bloku nzima unaweza kutumia mbili ndogo za chipu tu, lakini vidhibiti na kumbukumbu utavibandikia vipozaji vidogo vya shaba na feni ya kupuliza juu yake. Inafanya kazi. Haipendezi, na kwa wati 500 mimi huwa sina raha nayo.

Sasa madini, na hapa nitakuonyesha aibu yangu. Nilipoanza mambo haya nilimfungia mhariri mmoja wa video mfumo wa maji, bloku ya shaba nyekundu, na rejeta niliyoipata kwa bei ya kutupa. Ilikuwa nyepesi, imepakwa rangi nyeusi nzuri. Sikuikwaruza kuona chini kuna nini. Baada ya miezi minne mashine ikarudi: moto. Nikailaza bloku mezani, nikafungua skrubu nane, na kifuniko kilipoachia kikafanya sauti ndogo ya kunyonya, kama mtu anayefyonza embe. Mahali pa mifereji hapakuwa na mifereji. Palikuwa na tope la kijivu, zito, kama uji uliolala. Nikalichota kwa kijiti cha meno, likaja na ngozi yake juu. Rejeta nilipoipuliza chini ya maji ikatoa mapovu sehemu mbili. Ilikuwa alumini. Alumini na shaba zikikaa pamoja ndani ya maji zinakuwa betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Nililipa bloku na rejeta kutoka mfukoni, na yule bwana hajarudi tena dukani kwangu, hata kununua waya.

Binamu yako analijua jambo hili kuliko mimi. Kile kipande cha zinki kilichofungwa kwenye mguu wa injini yake kimewekwa pale kiliwe, ili mguu wenyewe usiliwe. Kwenye kompyuta hatuweki zinki. Tunakataa alumini tangu mwanzo. Shaba nyekundu, shaba njano na nikeli vikae pamoja, alumini isiingie, hata kifitingi kimoja. Hii inafuta na lile wazo litakalokujia ukipita gereji: rejeta ya gari. Zamani zilikuwa za shaba, na watu wa kwanza kupoza kompyuta kwa maji walitumia vijirejeta vya hita za magari. Za leo ni alumini na plastiki. Kwaruza pembeni kwa ncha ya kisu. Ukiona weupe wa sufuria, irudishe.

Maji ya kutia: usitumie ya bomba. Maji ya Amu yanatoka visima vya vilima vya mchanga vya Shela, ni matamu kunywa, lakini tazama ule ukoko mweupe chini ya birika lako la chai. Ukoko huo huo utakaa kwenye mifereji ya nusu milimita. Maji ya mvua ya jabia nayo yameosha paa, vumbi na mavi ya ndege kabla ya kukufikia. Nunua maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri kwenye vituo vya mafuta na maduka ya spea. Soma chupa mara mbili, kwa maana asidi ya betri hukaa rafu hiyo hiyo. Lita mbili au tatu zinatosha.

Maji matupu yataota mwani ndani ya miezi michache kwa joto letu, hivyo tia dawa maalumu ya mifumo hii. Ukikosa, changanya kulanti ya gari asilimia 10 hadi 20. Inasaidia kuzuia kutu na mwani, ingawa inapunguza kidogo ubebaji wa joto. Ila kulanti nyingi ni glikoli ya ethilini, na ni sumu yenye utamu. Amu ina paka kila kizingiti. Kulanti kidogo tu iliyoachwa sakafuni, paka akailamba, figo zake zinaweza kwisha, na mtoto anayetambaa naye yuko hatarini. Ukijaza, weka karai chini, futa, na kile kitambaa kitupe ndani ya mfuko uliofungwa. Mimi siku hizi natumia dawa ya mifumo ya maji tu, kwa sababu paka wa jirani hulala mlangoni kwangu.

Mipira, chukua ile myeusi ya EPDM. Ile ya plastiki angavu hutoa ulainishi wake ndani ya maji, baada ya mwaka inakuwa na ukungu na ule ulainishi unaganda kwenye mifereji. Nyeusi haina sura, lakini pia mwanga haupiti, na mwani bila mwanga hauna maisha. Kama bloku yako ina kifuniko cha akriliki, usikifute kwa spiriti. Kitapasuka nyufa ndogo ndogo kama kioo kilichopigwa baridi.

Siku ya kufunga, zima feni ya chumba na ukae chini. Chipu za Hawaii ziko uchi, hazina kofia ya chuma. Kila moja ni mraba wa sentimita mbili na kitu hivi, na pembe zake zinamegeka kwa urahisi. Safisha pesti ya zamani ya kupitisha joto mpaka uone sura yako kwenye chipu. Tia pesti mpya, nyembamba, ienee chipu nzima. Shusha bloku wima kabisa, kama unavyoweka kifuniko cha sufuria ya pilau usitake mvuke utoke upande mmoja. Skrubu zikaze kwa msalaba, nusu mzunguko kila moja, ukirudi rudi. Halafu fanya kile ambacho wenye haraka hawafanyi: fungua tena. Tazama alama. Pesti imesambaa sawa kwenye chipu zote mbili? Pedi zote zimebonyea? Ikiwa moja ina uso laini usioguswa, umejua tatizo lako kabla ya umeme kukuambia. Futa, tia pesti upya, funga.

Umeme usiudharau. Plagi za pini nane zipo mbili, na kwa kanuni kila moja ni ya wati 150. Na 75 za slotini inakuwa 375, na kadi inakula 500. AMD walitaka kila plagi ipewe ampea 28 za volti 12. Kwa hiyo waya mbili tofauti kutoka kwenye pawasaplai, kamwe usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili, unaweza kuyeyuka. Pawasaplai ya wati 1,000 ya maana. Ile yu-pi-esi ndogo ya VA 650 uliyonayo chini ya meza itapiga kelele mara moja na kuzima. Itoe kwenye njia ya mashine hii. Umeme ukikatika ghafla usihofu kuhusu pampu, maana kadi nayo imezimika dakika ile ile.

Kujaza kuna hatua mbili. Ya kwanza ni hewa, bila tone la maji. Tafuta pampu ya baiskeli na geji, unganisha kwenye mzunguko, sukuma mpaka nusu baa, usizidishe, funga, ukanywe chai. Sindano ikikaa palepale nusu saa, uko salama. Ikishuka, paka povu la sabuni kila fitingi mpaka uone linapovimba. Ya pili ni maji: pampu peke yake iwake, kadi na mazabodi vikiwa havijapata umeme. Kwenye plagi kubwa ya pini 24, unganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, pawasaplai itaamka yenyewe. Tandika karatasi za tishu chini ya kila kiungo. Liinamishe kasha huku na huko mapovu yatoke, ongeza maji, liache usiku kucha. Asubuhi tishu ziwe kavu. Kwa kompyuta ule msemo wa maji yakimwagika hayazoleki ni uongo kidogo: yakidondoka kabla ya umeme, kausha siku mbili mbele ya feni na hakuna kilichoharibika. Yakidondoka baada ya umeme, ndiyo hayazoleki.

Mwaka mmoja ukipita mwaga yote, tazama rangi, tia mapya. Na usiwashe umeme wa kadi kabla hujanitumia picha tatu: alama ya pesti kwenye chipu zote, na geji ya hewa, moja mwanzo wa nusu saa na moja mwisho, saa ya ukutani ionekane nyuma yake. Najua vijana na nusu saa zao.